Kupiga picha Tanga: jua likizama, wewe geukia baharini

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wakuu, na shikamoo kwa wakubwa wote humu.

Nina jambo limenikaa muda mrefu kuhusu picha za mandhari za mkoa wetu, leo nimeona niliandike lote. Ni refu, jipangeni.

Nimeona mara nyingi wageni wakifika Raskazone, ufukweni hapa Tanga mjini, saa kumi na moja na nusu jioni, kamera shingoni, wanatafuta jua linapozamia. Hawalioni baharini, kwa sababu pwani yetu inatazama mashariki. Jua linazama nyuma ya mji, upande wa Muheza na milima ya Usambara, kwenye minazi na nyaya za umeme. Wanapiga minazi myeusi mara mbili tatu, wanafunga begi, wanaondoka. Na muda huohuo, nyuma ya migongo yao, bahari nzima imewaka.

Ninachotaka kusema katika uzi huu ni hiki: Tanga jioni, picha iko upande wa pili wa jua. Na ili uipate lazima uwe umeshachagua pa kusimama kabla mwanga haujafika, maana ukifika haukungoji.

Tuanze na jua lenyewe. Tanga ipo kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na huku kwetu jua linashuka karibu wima. Linakwenda nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika nne. Ukihesabu tangu likiwa nyuzi 6 juu ya upeo, pale rangi inapoanza kuiva, mpaka linagusa ardhi, unapata dakika 24 hivi. Ulaya ya kaskazini jua linashuka mshazari, linajikokota, na mpigapicha wa huko ana nafasi ya kuhamisha tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, mara tatu. Mafunzo mengi ya mtandaoni yametoka huko. Ukiyafuata hapa kama yalivyo, jua litazama wewe bado unahangaika na zipu ya begi.

Rangi inatokana na hewa. Jua likiwa utosini, mwanga wake unakatiza hewa kwa njia fupi kabisa. Likiwa kwenye upeo unakatiza hewa nyingi zaidi, kama mara 38. Safari hiyo ndefu inatawanya bluu, kinachotufikia ni njano na wekundu. Jioni ambayo mvua imenyesha mchana ni tamu zaidi, kwa kuwa vumbi na moshi vimeoshwa na mwanga unakuja na makali yake yote.

Lakini rangi peke yake haitoshi. Anga likiwa tupu halina kitu cha kushika hiyo rangi. Mimi natafuta mambo mawili kwa pamoja: wingu zito upande wa bahari, na upenyo upande wa magharibi, chini kabisa, kati ya wingu na ardhi. Vikikutana hivyo viwili, jua likiteremka kwenye ule upenyo linapiga kwa chini kama tochi na kila kilichosimama mbele ya lile wingu jeusi kinang'aa. Miezi ya vuli, kuanzia Oktoba hivi mpaka Desemba, na masika kuanzia Machi, jioni za namna hiyo hazikosekani. Kipindi cha kaskazi kavu, Januari na Februari, anga linakuwa safi na joto kali, na mimi binafsi silipendi kwa mandhari.

Upenyo unapimika kwa mkono. Nyosha mkono mbele, weka kidole gumba kimelala. Upana wa gumba ni kama nyuzi 2, maana yake dakika nane za jua. Upenyo wa gumba moja kati ya wingu na vilima, una dakika nane. Usiangalie jua lenyewe wakati unapima, wala usilitazame kupitia tundu la kamera.

Sasa pa kusimama. Fika saa kumi na nusu, jua bado linauma. Tembea bila kamera. Angalia nini kitakaa mbele ya picha: mwamba, mizizi ya mikoko, ngalawa iliyolazwa, mtaro wa maji yanayokupwa. Angalia kuna mifuko ya plastiki kiasi gani. Angalia kivuli chako mwenyewe kitaangukia wapi, maana ukilipa jua mgongo, kivuli chako kinaingia kwenye picha kikiwa kirefu kuliko wewe. Panda mahali, au sogea mpaka kivuli kiingie kwenye kivuli cha mti ulio nyuma yako. Ukishapata pa kusimama, kaa hapo. Wenye haraka ya kuzungukazunguka ndio hupitwa.

Niwape mfano mmoja nilioushuhudia kwa karibu. Jirani na soko la samaki la Deep Sea, ngalawa moja ilikuwa inarudi na upepo wa bahari. Tanga lake lilikuwa limeungwa viraka, kitambaa cheupe na vipande vya turubai la bluu, na kamba ya foromali, ule mti unaobeba tanga, imefungwa fundo juu ya fundo. Nyuma yake wingu la rangi ya risasi limefunika mpaka usawa wa maji, mvua inanyesha huko mbali. Jua likaingia kwenye upenyo. Lile tanga likawaka, ukaweza kuhesabu mishono ya viraka, na maji ya mbele yakawa ya kijani ambayo mchana huyaoni kabisa. Kijana wa mbele akasimama kushusha tanga, mikono juu. Kisha wingu likafunga, kila kitu kikawa kijivu. Yote hayo ni pungufu ya dakika mbili.

Mipangilio ya jioni kama hiyo: ISO 200 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), tundu la lenzi f/8, kasi ya shata (pazia la kamera) 1/250 ya sekunde. Chombo kinatembea na kinayumba, ukishusha shata chini ya hapo mishono inafifia. Pima mwanga kwenye kile kilichowaka, yaani tanga, usipime kwenye wingu. Ukiiacha kamera ipime lile wingu jeusi itadhani kuna giza, itaongeza mwanga, na tanga litakuwa karatasi nyeupe. Kwenye kamera za dijitali, weupe uliopitiliza haurudi tena hata ufanye nini, ila giza kwenye faili la RAW, yaani faili ghafi la kamera, unaweza kulifunua baadaye. Kwa hiyo angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, isigonge ukuta wa kulia ambao ndio weupe.

Na hili ni la muhimu kuliko watu wanavyodhani: mizani ya rangi isiwe otomatiki. Weka alama ya jua. Kamera ikiwa otomatiki inaona dhahabu ya jioni kama kosa la rangi na inaisawazisha, unarudi nyumbani na picha ya saa saba mchana.

Adhana ya Magharibi ikilia, jua limeshazama, na hapo ndipo wengi wanaondoka. Kama mtu anaenda kuswali, sawa. Lakini mwanga bado upo, dakika 20 hivi za kutosha kupiga picha. Mawingu ya juu sana yanaendelea kupigwa na jua kutoka chini ya upeo, na wekundu mkali mara nyingi unakuja baada ya kimya cha dakika kadhaa. Tena tazama mashariki juu ya bahari: utaona ukanda wa waridi, na chini yake ukanda wa bluu ya kijivu unapanda polepole. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kimeangukia angani. Hapo weka tripodi, ISO 100, shata ndefu, maji yawe laini.

Naishia hapa kwanza, nawakaribisha.

#2 Mchangiaji

Mkuu uzi umeshiba. Sasa sisi wa simu tunaingiaje? Nikipiga jioni aidha anga linakuwa jeupe pe, au watu wanakuwa weusi ti. Na nikivuta karibu inakuwa kama mchanga.

#3 Mleta uzi

Mkuu, simu inatosha kabisa kwa mandhari, na nasema hivyo kwa dhati. Fanya haya.

Futa kioo cha lenzi kwanza. Ufukweni kina chumvi, mfukoni kina mafuta ya vidole, na ndiyo sababu ya ule ukungu unaozunguka jua kwenye picha nyingi. Tumia kitambaa laini cha pamba. Ncha ya fulana iliyojaa mchanga itakikwaruza.

Gusa skrini pale palipong'aa na ushikilie mpaka ijifunge, kisha buruta kidole kushuka chini mpaka wingu lionekane na umbo lake. Picha itaonekana nyeusi kidogo, usiogope. Utaiinua baadaye kidogo tu kwenye programu ya kuhariri.

Usivute. Simu nyingi ukivuta kupita lenzi zake zinakata tu kipande cha picha na kukikuza, hapo ndipo mchanga wako unapotoka. Sogea kwa miguu. Na kama watu wanakuwa weusi, waache wawe weusi ila wachore vizuri: mvuvi na mtumbwi wakitengana, mikono isigandane na mwili. La sivyo simama ulipe jua mgongo, kama nilivyosema, na watawaka wenyewe.

#4 Mchangiaji wa Lushoto

Kaka hongera kwa uzi, ila mbona umetusahau wa milimani? Mimi ni dada wa huku Lushoto, na hilo la kulipa jua mgongo huku kwetu linageuka. Irente tunatazama magharibi. Unasimama juu ya jabali, chini yako kuna shimo la kama mita elfu moja, unaona Mazinde na mashamba ya mkonge, halafu nyika ya Wamasai mpaka macho yanachoka. Hapo jua linazama mbele yako kabisa.

Ninachowashauri wageni wangu ni waache kuliwinda jua lenyewe. Waangalie chini. Wakati wa mawingu, jua linatoboa tundu na kipande cha mwanga kinatembea juu ya nyika, kinapita mbuga, kinapita barabara, kinapanda kwenye mkonge. Mistari ya mkonge ikipigwa na mwanga wa pembeni inatoka utadhani imechorwa kwa rula. Ukikiona kinakuja kutoka mbali, tayarisha fremu kwenye mkonge na usubiri kifike. Ukikifuata kwa kamera huku na huku, hupati kitu.

Na njooni na sweta jamani. Watu wa pwani wanapanda huku na kandambili.

#5 Mleta uzi

Dada asante sana, umenifunza na umenisahihisha kwa haki. Irente ni kinyume na pwani, na ulichosema kuhusu kungoja kipande cha mwanga kina hesabu yake: wingu likienda kilomita 20 kwa saa, linakata mita 100 kwa sekunde 18. Kipande chenye upana wa mita 300 kinakaa juu ya sehemu moja pungufu ya dakika. Fremu ikishatengenezwa, sekunde hizo zinakutosha vizuri.

Umenikumbusha jambo la barabara. Wanaosafiri kwa basi kutoka Segera kwenda Korogwe, Mombo, mpaka Same, Usambara inakuwa mkono wa kulia, na genge lake refu linatazama kusini magharibi. Asubuhi jua linatokea nyuma ya mlima, genge lote ni kivuli, usijisumbue. Jioni jua linaupiga mlima usoni, na kila korongo linaonekana. Kwa hiyo ukisafiri jioni kuelekea Moshi na Arusha, omba siti ya kulia. Ukitoka huko kuja Dar au Tanga, kushoto. Lenzi igusane na kioo kabisa ili usipige mwanga wa ndani ya basi, flashi uizime, na shata isipungue 1/1000, maana vichaka vya karibu vinakimbia hata kama mlima umetulia.

Jambo la basi lenye kiyoyozi: ukishuka Tanga na kamera iliyopoa, hewa yetu ya unyevu inaganda juu ya lenzi na unaona maziwa matupu. Kufuta hakusaidii, inarudi. Iache ndani ya begi lililofungwa ipate joto kabla hujaitoa, dakika 20 hivi. Na waliolala hoteli yenye kiyoyozi wakitaka kupiga mapambazuko, begi lilale bafuni au kibarazani, mbali na ule ubaridi.

Kwa wanaopenda msitu, Amani upande wa Muheza. Pale unatafuta ukungu wa asubuhi. Jua likishapanda juu ya miti, miali inashuka kati ya matawi na kila mmoja unaonekana peke yake, kwa sababu matone ya ukungu yanaushika mwanga. Simama ambapo shina la mti linaziba jua. Ukungu ukiyeyuka, basi tena mpaka kesho.

#6 Mchangiaji wa Bagamoyo

Wakuu, sisi wa Bagamoyo tupo kundi moja na Tanga mjini, bahari mashariki. Hapa ufukwe wa soko la samaki jioni ni hivyohivyo alivyoeleza mleta uzi, mashua zimelala, jua linazama nyuma ya mji mkongwe. Mimi nawapeleka watu Kaole asubuhi mapema. Magofu yako kama kilomita 5 kusini mwa mji, na mwanga wa asubuhi ukiingia kwa ubavu, matumbawe ya kuta na nguzo za makaburi yanaonekana tundu kwa tundu. Mchana yale mawe ni bapa kama saruji.

#7 Mleta uzi

Kweli kabisa mkuu. Mwanga wa ubavuni ndio unaotoa sura ya jiwe. Tongoni kwetu, kusini mwa Tanga mjini, nako ni hivyohivyo: msikiti wa kale, makaburi ya nguzo, mibuyu, na mikoko hatua chache. Ila yale ni makaburi. Usipande juu ya kaburi kutafuta pembe, na muone mlinzi kwanza.

#8 Mchangiaji

Mleta uzi, vipi kuhusu mwezi? Nimejaribu kupiga mwezi mpevu ukichomoza baharini, ama unatoka doa jeupe, ama bahari inakuwa giza tupu.

#9 Mleta uzi

Swali zuri, na jibu lake ni kalenda tu.

Mwezi unapigwa na jua moja kwa moja, kwa hiyo unang'aa kama kitu kilichowekwa juani mchana. Ukiupiga usiku, bahari haina mwanga wa kulingana nao, na hakuna kamera inayopatanisha hivyo viwili kwa picha moja. Dawa ni kuupiga wakati nchi bado ina mwanga. Mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku. Ukiwa mpevu kamili unachomoza karibu na jua kuzama. Jioni ya siku moja kabla, unakuwa tayari juu ya bahari jua likiwa bado halijazama, na ngalawa, mikoko na mwezi vyote vinapata mwanga mmoja. Wenye kufuata kalenda ya Kiislamu wanaelewa upesi: angalia jioni za kuanzia tarehe 13 ya mwezi, pwani yetu inautazama usoni.

Kuna picha maarufu sana ya mpigapicha Mmarekani Ansel Adams, ya mwezi ukiwa juu ya kijiji cha Hernandez, jimbo la New Mexico, aliyoipiga tarehe 1 Novemba 1941. Alikuwa njiani na gari, akaona misalaba myeupe ya makaburi imepigwa na jua la mwisho na mwezi umeshatoka. Alisimamisha gari, akasimika kamera yake kubwa, kifaa cha kupimia mwanga hakukiona. Akakumbuka kiwango cha mwanga wa mwezi alichokuwa anakijua kichwani, akakadiria kwa hicho, akapiga. Kabla hajapiga ya pili, jua lilikuwa limeondoka kwenye misalaba. Ipo picha moja tu.

Nimeitaja kwa sababu watu wanaisimulia kama bahati. Mimi naona mtu aliyejua kazi yake mpaka hakuhitaji kifaa. Kwa hiyo mkuu, kariri namba ya mwezi: f/11, na shata ilingane na ISO. ISO 200, shata 1/200. Mwezi hautapitiliza. Kama nchi bado ina jua, vyote vitakuja.

Na kwa kuwa tupo kwenye vitu vya kupita, upinde wa mvua. Huo daima upo kinyume na jua, na duara lake lina nusu kipenyo cha nyuzi 42, hivyo jua likiwa juu zaidi ya nyuzi 42 huuoni ukiwa umesimama ardhini. Tanga jioni unatokea baharini, asubuhi unatokea bara, upande wa milimani. Jua likishuka zaidi, upinde unapanda zaidi, ule wa dakika za mwisho ni karibu nusu duara kamili, uchukulie lenzi pana. Na unatembea nawe: ukisogea kushoto, nao unasogea. Mpigapicha Mmarekani Galen Rowell mwaka 1981 huko Lhasa, Tibet, aliuona upinde umekaa mbali na kasri la Potala, akajua kwa akili kwamba akibadilisha mahali utashukia juu ya kasri. Akakimbia, akaupata. Hebu fikiria hilo pale Pangani, umevuka na kivuko upande wa Bweni, mji uko ng'ambo ya mto, mvua iko baharini. Unaweza kutembea ukingoni mpaka mguu wa upinde ukae unapotaka.

Mwenye kichujio cha polaraiza, kile kioo cha mbele ya lenzi cha kukata mng'ao, akizungushe taratibu akitazama. Pembe moja inaukoleza upinde, pembe nyingine inaufuta kabisa.

#10 Mchangiaji

Binafsi naona mnajitesa. Siku hizi programu inabadilisha anga kwa kugusa mara moja. Unachukua picha ya saa nane mchana, unaweka anga la machweo, maisha yanaendelea. Nani atajua?

#11 Mleta uzi

Mkuu, nakujibu kwa heshima, na nitasema ninavyoamini.

Atakayejua wa kwanza ni mvuvi. Mwonyeshe picha ya ngalawa iliyobandikwa anga la jioni, atakuuliza mbona kivuli cha mlingoti kiko chini ya chombo kama saa sita. Atakuuliza mbona tanga halina rangi. Mtu wa pwani anasoma anga kila siku ya maisha yake, linamwambia atoke au asitoke. Mimi siwezi kumpelekea anga ambalo halikuwepo.

Na kuna jambo la mkoa. Picha zetu ndizo zinazomwambia mtu wa Mwanza au Mbeya kwamba Tanga ikoje. Kule wanajua mkonge, ambao Mjerumani Hindorf aliuleta mwaka 1893, wanajua machungwa ya Muheza, basi. Jioni ile ya wingu la risasi na bahari ya kijani ipo kweli. Inatokea. Ni yetu. Nataka aione ilivyo, ili siku akija aikute. Kuinua giza kidogo, kusawazisha rangi, kunyoosha upeo, hayo nafanya na sioni tatizo. Kuweka kisichokuwepo sifanyi, na vijana wanaojifunza kwangu nawaambia hivyohivyo.

#12 Mchangiaji

Naunga mkono hoja. Sasa mleta uzi, nakuja Tanga Ijumaa mchana na basi, kurudi Jumapili asubuhi. Niko peke yangu na kamera ndogo na tripodi. Nipange vipi? Na wavuvi hawagombi wakipigwa picha?

#13 Mleta uzi

Karibu sana mkuu. Wanasema Tanga ni ya waja leo waondoka leo, wewe umefanya vizuri kulala. Kwa mandhari usiku mmoja ni bahati nasibu, mbili zinakupa nafasi ya kurudi palepale.

Ijumaa ukishuka stendi ya Kange, weka mzigo, saa kumi na nusu uwe Raskazone au Deep Sea. Usipige sana. Chagua sehemu mbili tu, moja ya kulipa jua mgongo, moja ya mapambazuko. Kipindi chote cha mwaka jua hapa linachomoza kati ya saa 12 kasoro dakika tano na saa 12 na nusu na kitu, linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 hivi, kwa hiyo angalia tarehe yako kwenye programu ya simu. Angalia na upande pia, maana kati ya Juni na Desemba mahali linapochomozea panahama nyuzi 47. Mwamba uliokaa vizuri kwenye picha ya mtu ya mwezi wa saba, mwezi wa kumi na mbili jua liko pembeni kabisa.

Jumamosi alfajiri adhana ikikuamsha, una zaidi ya saa nzima kabla jua halijatoka. Inatosha kunawa uso na kufika. Mchana nenda zako Amboni kwenye mapango, mwanga wa nje hautakusaidia kitu muda huo. Jioni rudi palepale ulipochagua Ijumaa. Hata kama mvua inanyesha, nenda. Mvua ikiwa inapiga radi, kaa ndani ya gari au nyumba, tripodi ya chuma ufukweni ni hatari. Ikipungua, toka haraka, ndio wakati wenyewe.

Maji: uliza kama ni bamvua (maji yanajaa na kupwa sana) au maji mafu (yanajaa na kupwa kidogo). Kupwa na kujaa kunachelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo mwamba uliosimama juu yake Ijumaa, Jumamosi saa ileile maji yako mahali pengine. Bamvua likiwa linajaa, linaweza kukuzungukia kwa nyuma wewe macho yako kwenye kioo.

Wavuvi hawagombi ukiwaheshimu. Salimia kwanza, mzee mpe shikamoo yake, kaa kidogo, ulizia samaki. Kamera itoke baada ya mazungumzo. Mwambie unapiga chombo na anga, muonyeshe ulichopiga. Wengine watakataa, basi geuza lenzi. Ukiahidi kumtumia picha, mtumie kweli, kwa sababu anayekuja baada yako atapokelewa kwa ahadi yako. Bandarini usinyooshe kamera bila ruhusa, ni eneo la ulinzi.

Vaa viatu vya kulowa, beba chupa ya maji ya kawaida na kitambaa cha kufutia chumvi kwenye miguu ya tripodi usiku huohuo. Na tiketi ya Jumapili asubuhi, kama hujakata, isogeze iwe ya saa nne. Utapata mapambazuko mengine.